Taa za Tela Zimegoma: Namna ya Kusaka Tatizo Kwenye Pikapu

Tela ikifika gereji kwa ajili ya taa, mara nyingi imeshapita mikononi mwa watu watatu. Balbu ni mpya, plagi ni mpya, tepu nyeusi imezungushwa kila mahali, na taa bado haziwaki. Ukiuliza ilikuwaje, utaambiwa kila mtu "alijaribu". Kujaribu si kubaya, ila wote hao walianza kubadilisha vitu kabla ya kujua kama tatizo liko kwenye gari au liko kwenye tela. Swali hilo unalijibu kwa dakika chache, na ukishalijibu nusu ya kazi imekwisha.

Hapa Tanga tela zetu zinateseka kwa namna mbili. Kuna zile za boti, za Sahare na Raskazone, zinazoingizwa baharini nyuma nyuma mpaka taa zinazama. Na kuna zile za mizigo, machungwa kutoka Muheza, mbao, mchanga, jenereta na maturubai ya harusi, ambazo hazioni chumvi lakini zinakula vumbi na mashimo mwaka mzima. Za kwanza huharibika kwa kutu, za pili kwa waya kusuguka. Ukijua tela inafanya kazi gani, umeshajua uanze kutazama wapi.

Ninayoyaandika yanahusu pikapu za volti 12, yaani Hilux, Land Cruiser, D-Max, L200, Navara, Ranger na wenzao, pamoja na tela yenye plagi ya duara ya pini 7. Lori za volti 24 zina mpangilio wake. Kwenye plagi yao ya kawaida ya pini 7, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) iko pini namba 1, wakati kwetu iko namba 3. Kwa hiyo usichukue mchoro wa lori ukauhamishia kwenye pikapu.

Uwe na nini mkononi

Testa ya balbu, yaani ya kugusia waya uone kama una umeme, si ile ya taa ya LED. Sababu nitaieleza. Mita ya kupimia volti. Waya mmoja mrefu, wa kutoka betri ya gari mpaka taa za nyuma za tela, wenye klipu za meno pande zote mbili. Msasa, brashi ndogo ya waya, fyuzi za akiba. Na kitu ambacho wengi hawakifikirii: betri ya pikipiki ya volti 12, iliyofungwa waya wenye fyuzi ya ampea 10 upande wa chanya. Ukiwa na betri hiyo unaweza kuipima tela peke yake, gari likiwa halipo kabisa.

Sasa suala la testa. Waya wa tela una nyuzi nyingi ndogo za shaba ndani yake. Zikikatika au zikiliwa na kutu ukabaki unyuzi mmoja, mita bado itakuonyesha volti 12 safi kabisa, kwa sababu mita yenyewe haivuti umeme wa maana. Testa ya LED nayo itawaka. Utasema moto, yaani umeme, upo, utanunua balbu, na taa haitawaka. Balbu ya breki ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, na unyuzi mmoja uliooza hauwezi kubeba mzigo huo. Kwa hiyo chombo bora kuliko vyote ni balbu ya wati 21 uliyoiunganisha waya mbili mwenyewe. Ikiwaka kwa mwanga wake kamili, hapo ndipo useme moto umefika.

Gari au tela?

Kabla ya kupima, ujue pini. Huu ndio mpangilio wa plagi ya kawaida ya pini 7 ya volti 12, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 1724:

1 – njano – indiketa ya kushoto
2 – bluu – taa ya ukungu ya nyuma (wengine huitumia kwa taa ya kurudi nyuma)
3 – nyeupe – ethi
4 – kijani – indiketa ya kulia
5 – kahawia – taa ndogo ya kulia
6 – nyekundu – breki
7 – nyeusi – taa ndogo ya kushoto

Tazama tena namba 3 na namba 7. Ethi ni nyeupe, na nyeusi ni taa ndogo ya kushoto. Mtu aliyezoea kwamba waya mweusi wa betri ni hasi ataufunga mweusi huu kwenye chasisi bila kufikiri mara mbili. Mchana hakuna kitakachotokea. Jioni dereva akiwasha taa ndogo, fyuzi inakatika, na dashibodi nayo inaweza kuwa giza kwa kuwa magari mengi yanalisha vyote kwenye fyuzi hiyohiyo. Tela ikija na malalamiko ya "fyuzi inaungua usiku tu", fungua plagi kwanza utazame mweusi umekwenda wapi.

Jambo jingine ni kioo. Plagi ukiitazama kwa mbele na soketi ukiitazama kwa mbele ni picha zilizogeuzwa, kushoto kunakuwa kulia. Ukinakili rangi kwa kuangalia soketi kisha ukaziweka vilevile kwenye plagi, waya zitakwenda kwenye pini zisizo zake. Usikariri sura. Ndani ya plastiki, pembeni ya kila skrubu, kuna namba ndogo iliyochongwa. Ifute vumbi, isome, ifuate hiyo.

Kwa upande wa gari, chomoa tela. Funga klipu ya testa kwenye pini namba 3 ya soketi, si kwenye chasisi. Mwombe mtu akae kwenye usukani: awashe taa ndogo, indiketa ya kushoto, ya kulia, akanyage breki. Wewe unagusa pini moja baada ya nyingine. Zote zikiwaka, gari ni zima na unaweza kuliacha. Zisipowaka, hamishia klipu kwenye hasi ya betri au kwenye chuma kisafi cha chasisi kisha urudie. Zikiwaka safari hii, ethi ya soketi imekufa, na hilo ni jambo la bolti moja na msasa.

Kwa upande wa tela, chukua ile betri ya pikipiki. Hasi kwenye pini namba 3 ya plagi, chanya iguse pini moja moja. Kila pini iwashe taa yake, peke yake, kwa mwanga kamili. Ukigusa namba 1 ikawaka indiketa ya kushoto pamoja na kitu kingine chochote, hata kwa mwanga hafifu, usiendelee na zilizobaki. Nenda moja kwa moja kwenye ethi ya tela.

Taa zinawaka kichawi: ukikanyaga breki indiketa zinawaka, ukionyesha kushoto taa ndogo zinapepesa

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi, na ndiyo inayowafanya wakate waya wote waanze upya bila sababu. Hakuna waya uliogusana. Ni ethi.

Umeme ukishapita kwenye balbu lazima urudi kwenye betri. Njia ya kurudi ni ethi. Njia hiyo ikiziba, umeme hautulii ukasubiri. Unatafuta mlango wa jirani. Ndani ya kifuniko kimoja cha taa, balbu ya breki, ya indiketa na taa ndogo zinagawana kipande kimoja cha bati kama ethi. Bati hilo likikosa pa kwenda, umeme wa breki unapanda kinyumenyume kupitia unyuzi wa taa ndogo, unafuata waya wa kahawia au mweusi mpaka upande wa pili wa tela au mpaka garini, na kule unapata ethi nzuri. Njiani umewasha balbu ambazo hukuzitaka, na breki yenyewe imefifia kwa sababu imeunganishwa mstari mmoja na balbu nyingine.

Watu hunibishia: "Lakini fundi, taa ndogo zinawaka vizuri kabisa, ethi itakuwaje mbovu?" Hesabu inajibu. Taa ndogo ni wati 5, kila moja inavuta kama ampea 0.4. Mbili hazifiki hata ampea 1. Breki mbili za wati 21 zinavuta ampea 3.5. Ethi yenye kutu inaweza kupitisha ile ya kwanza bila shida ukaona taa ni nzuri, kisha ikashindwa hii ya pili. Kwa hiyo taa ndogo kuwaka si ushahidi wa ethi. Ushahidi ni breki na indiketa zikiwaka kwa pamoja.

Kuipima: tela iwe imeunganishwa, breki imekanyagwa. Weka mita kwenye volti. Ncha moja kwenye hasi ya betri ya gari kwa kutumia ule waya mrefu, ncha nyingine kwenye bati la ethi ndani ya taa ya tela. Mita ikisoma chini ya volti 0.5, ethi inatosha. Ikisoma volti 1, 2 au zaidi, hizo ndizo volti zinazopotea njiani kabla hazijaifanyia taa kazi. Halafu sogea nazo: pima kwenye bolti ya chasisi ya tela, kisha pini namba 3 ya plagi, kisha pini namba 3 ya soketi, kisha chasisi ya gari. Pale ambapo namba inashuka ghafla ndipo palipooza, katikati ya pointi mbili ulizopima mwisho.

Usiyetaka kupima unaweza kutumia waya mrefu peke yake. Klipu moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bati la taa. Vituko vikiisha papo hapo, umepata jibu.

Tela nyingi zilizotengenezwa hapa mjini zina kosa la asili: taa imefungwa kwa bolti kwenye fremu, fremu imepakwa rangi, na fundi aliyeziunganisha alitegemea bolti hiyo iwe ethi. Mwaka wa kwanza inafanya kazi kwa sababu nyuzi za bolti zimekwangua rangi. Masika mbili baadaye kutu imeingia. Mbaya zaidi ni zile zinazotegemea ndoano ya kuvutia kama ethi kati ya tela na gari, kwa sababu hakuna aliyeufunga waya mweupe. Ile ndoano inapakwa grisi, na inafaa ipakwe. Barabara ikiwa laini taa zinawaka, tela ikirukaruka zinazima na kuwaka. Dereva anasema "taa zinapenda lami".

Dawa yake ni kupitisha waya mweupe halisi, wa milimita 2.5 za mraba, kutoka pini namba 3 mpaka kwenye kila taa. Nyingine zote zinaweza kuwa milimita 1.5, lakini ethi inabeba marejeo ya taa zote, ipe unene. Ikifika kwenye chasisi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga tamino ya pete kwa bolti na nati, kisha ndipo upake grisi au rangi juu yake. Watu hupaka rangi kwanza ndipo wafunge. Ni kazi ileile ila imepinduliwa, na haifai kitu.

Hakuna kinachowaka kabisa

Taa zote kufa siku moja ni nadra. Kilichokufa ni kile zinachoshirikiana, na zinashirikiana vitu viwili tu: plagi na ethi. Soketi ikipimwa na kuonekana nzima, fungua plagi. Kagua skrubu zimelegea au la, kisha tazama pale waya unapoingia kwenye shingo ya plagi. Klampu ya shingo isipokazwa, uzito wa waya unaning'inia kwenye skrubu zenyewe na kila kona inazivuta. Pini za kiume zenye mwanya katikati zikibanwa sana zinalala, hazigusi tena. Ingiza ncha nyembamba ya bisibisi uzipanue kidogo, kidogo tu, kwa sababu shaba nyeupe hukatika.

Kama gari lako lina fyuzi ya tela peke yake, iangalie kabla ya yote haya. Baadhi ya pikapu zilizokuja na mfumo wa kuvutia kutoka kiwandani zinazo, kwenye boksi la chini ya boneti.

Upande mmoja, au taa moja

Hapa ni kazi fupi. Badilisha balbu za kushoto na kulia. Ubovu ukihama na balbu, nunua balbu. Ukibaki palepale, ni kishikio cha balbu au waya wa upande huo.

Lakini nunua kwa macho. Maduka ya vipuri ya mjini yanahudumia malori na pikapu kwenye kaunta moja, na balbu za volti 24 zinafanana kabisa na za volti 12 kwa umbo. Ukiweka ya 24 kwenye pikapu itawaka nyekundu na kufifia, na utalaumu waya wiki nzima. Soma kitako cha balbu, imeandikwa. Halafu ile ya nyuzi mbili ya wati 21/5, chuchu zake mbili za pembeni haziko usawa mmoja. Moja iko juu kuliko nyingine, ili iingie kwa upande mmoja tu. Kishikio kikiwa kimeliwa na kutu, mtu mwenye nguvu ataiingiza kinyume, na hapo taa ndogo inawaka kali kama breki huku breki ikionekana hafifu. Usimsifu kwa nguvu zake.

Taa ndogo za upande mmoja zikizima kwenye gari na tela pamoja, usiingie chini ya tela. Magari kadhaa yana fyuzi mbili tofauti, ya kushoto na ya kulia, ndiyo maana kwenye plagi zimetenganishwa kuwa pini 5 na pini 7.

Fyuzi inakatika

Swali la kwanza: inakatika lini? Ikikatika papo hapo ukiwasha, shoti ni ya kudumu. Ikikatika ukikata kona kali au ukirudi nyuma, waya unabanwa kwenye mkono wa tela, au ni mfupi na unavutika. Ikikatika kwenye mashimo, waya umeshachubuka mahali na unagusa chuma kwa kurukaruka. Ikikatika baada ya mvua au baada ya kutoka baharini, maji yako ndani ya taa au ndani ya plagi.

Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Usiweke karatasi ya sigara. Fyuzi ya ampea 10 inayokatika inakuokolea waya, na waya huo kwa kawaida umepita chini ya zulia karibu na miguu ya abiria.

Kutafuta shoti kwa kuunguza fyuzi moja baada ya nyingine ni kuwatajirisha wenye maduka. Fanya hivi. Toa balbu zote za tela. Kwenye tundu la fyuzi iliyokatika, chomeka ile balbu yako ya wati 21 badala ya fyuzi. Washa taa husika. Shoti ikiwapo, balbu itawaka kwa nguvu zote, na waya hautaungua kwa sababu balbu yenyewe inazuia umeme usizidi ampea mbili. Sasa chomoa plagi ya tela. Balbu ikizima au ikafifia sana, shoti iko kwenye tela. Chomeka tena, tembea na waya kuanzia mbele, uutikise, uuinue, uupinde. Mahali ambapo balbu itapepesa, hapohapo pafungue.

Mahali pa kuanzia, kwa uzoefu: tundu ambalo waya unaingilia kwenye bomba la mkono wa tela, hasa kama halina mpira wa kuzuia makali ya chuma. Kisha chini ya taa ya namba. Kisha kona ya nyuma ambapo mlango wa tela unafungwa. Na uliza swali hili kila mara: tela imechomelewa hivi karibuni? Fremu ikipasuka inapelekwa kwa mchomeleaji, naye anachoma na waya ukiwa ndani ya bomba. Nje kazi inapendeza, ndani plastiki imeyeyuka na nyuzi zote zimeshikana. Waya huo haurekebishiki. Ng'oa, pitisha mpya. Na siku nyingine tela ikienda kuchomelewa, ichomolewe kwenye gari kwanza, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea ukipata njia kwenye waya wa taa unaweza kupanda mpaka kwenye kompyuta za gari.

Tela za boti

Mzee mmoja wa Sahare aliniletea tela yake ya boti ya faiba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Juzi ilikuwa inawaka hii, na waya ni mpya, niliubadilisha mwenyewe."

Waya kwa nje ulikuwa mpya kweli, plastiki laini, rangi haijapauka. Nikaukata karibu na taa. Shaba ilikuwa nyeusi kama makaa. Nikakata kidogo zaidi, bado nyeusi. Urefu wa kiganja, bado nyeusi, na ukiukwangua unatoa unga wa kijani. Tulipofika karibu na ekseli ndipo shaba nyekundu ikaonekana. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia kwenye kiungo kilichozungushiwa tepu, kisha yakanywewa kupitia nafasi kati ya nyuzi, ndani kwa ndani, chini ya plastiki nzima.

Ndiyo maana kwenye tela ya boti tepu nyeusi si kiungo. Inaficha tu. Gundi yake inayeyuka kwa jua la hapa, inafungua mdomo, inashika maji. Kiungo cha tela ya boti kibanwe kwa koleo lake, kifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Na waya uliopakwa bati, ambao nyuzi zake zina rangi ya fedha badala ya nyekundu, unadumu mara nyingi zaidi ya wa kawaida. Bei yake ni kubwa, lakini utaununua mara moja. Ukikuta shaba nyeusi, usijaribu kuifunga tena hata ukiisugua na msasa. Endelea kukata mpaka ing'ae, na ikikataa kung'aa ubadilishe wote.

Kuna tabia zinazosaidia kuliko vipuri. Chomoa plagi kabla ya kurudi nyuma kuingia majini. Balbu iliyokuwa inawaka breki ina moto, na kioo chake kikigusa maji hupasuka. Pia umeme na maji ya chumvi vikikutana, kutu inakimbia mbio. Ukitoka, mwagia taa na plagi maji baridi ya bomba, hata ndoo moja. Paka vaselini kidogo kwenye pini. Na kama tela inatumika kwa boti tu, afadhali uondoe taa zote kwenye fremu, uziweke kwenye ubao mmoja wa kupachika nyuma ya boti na kuutoa ukifika ufukweni. Taa ambayo haiingii baharini haihitaji mwongozo wowote.

Indiketa inapepesa haraka, au haipepesi

Pikapu nyingi za sasa zinahesabu mzigo wa indiketa. Balbu moja ikiungua, au ukiweka taa za LED ambazo zinavuta umeme mdogo, flasha, yaani kifaa kinachopepesa indiketa, inaona kuna upungufu na inaharakisha. Kwa hiyo kwanza zunguka gari na tela uone kama ipo iliyozima. Zikiwa zote zinawaka na ni za LED, flasha ndiyo ya kubadilishwa kwa ile isiyojali mzigo. Wengine huongeza rizista ya wati 50 kuiga balbu. Inafanya kazi, ila inapata moto wa kuyeyusha plastiki. Ifunge kwenye chuma, mbali na waya na mbali na mbao za tela. Indiketa ikiwaka bila kupepesa, au ikizima kabisa tela ikiunganishwa, flasha imezidiwa, na hapo unahitaji ya mzigo mkubwa.

Kabla ya kuondoka gereji

Usijaribu taa moja moja kisha ukaridhika. Injini iwe inawaka, taa kubwa zimewashwa, breki imekanyagwa, na indiketa ya hatari inapepesa, zote kwa wakati mmoja. Halafu mtu apande kwenye tela aitikise, mwingine asimame nyuma aangalie. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili, usogee hatua chache, uone waya wa plagi hauvutiki na hauburuti chini. Ubovu mwingi wa njia ya Pangani hujionyesha hapahapa uani ukiupa nafasi.

Pikapu mpya zenye kompyuta

Kwenye magari haya taa za nyuma haziwashwi na swichi moja kwa moja. Zinawashwa na kompyuta ya bodi, nayo inatuma mapigo madogo ya umeme kukagua kama balbu zipo. Ndiyo maana tela ya LED inaweza kumulika kidogo kidogo usiku taa zikiwa zimezimwa. Si shoti.

Usichomeke zile klipu za plastiki zinazotoboa waya ili kuiba moto kutoka kwenye taa ya nyuma. Kwanza zinakata nyuzi na kuingiza unyevu. Pili, kompyuta ikiona mzigo wa ziada inafunga taa hiyo au kuandika hitilafu, na ikiharibika bei yake unaweza kununulia tela nyingine. Tumia moduli ya tela: inachukua moto wake wenyewe kutoka betri kupitia fyuzi yake, na kutoka kwenye taa za gari inasoma ishara tu. Ukikuta moduli imeshafungwa na hakuna kinachotoka, anza na waya wake wa betri na fyuzi yake kabla ya kuilaumu.

Pikapu zilizotoka Marekani

F-150 au Tundra ikifika mjini, mpangilio ni mwingine kabisa. Kwenye nyingi kati yake, breki na indiketa za nyuma zinatumia unyuzi mmoja wa balbu. Ukikanyaga breki zote mbili zinawaka nyekundu, ukionyesha kushoto ileile nyekundu inapepesa. Plagi yao ndogo ya bapa ina waya 4: nyeupe ethi, kahawia taa ndogo zote, njano breki na indiketa ya kushoto, kijani breki na indiketa ya kulia. Rangi zinafanana na zetu kiasi cha kudanganya.

Ukiifunga rangi kwa rangi na tela yetu, utaona haya: indiketa za njano za tela zinawaka zote ukikanyaga breki, taa nyekundu za breki haziwaki kamwe kwa kuwa waya mwekundu haukupata chochote, na taa ndogo ni za upande wa kulia tu. Dalili hizo tatu zikija pamoja, acha kutafuta kutu. Taa ndogo utazipata zote kwa kuupeleka waya wa kahawia wa gari kwenye pini 5 na pini 7 kwa pamoja. Kwa breki na indiketa nunua kifaa cha kutenganisha, na umwambie muuzaji wazi kwamba gari ndilo lenye mfumo wa pamoja na tela ndiyo yenye taa tofauti, kwa sababu vifaa vinavyouzwa zaidi ni vya kinyume chake, na kwa nje huwezi kuvitofautisha.